Rekodi Tisa za Kutazama Michezo, Zilizopimwa kwa Rula ya Moro

Wanatutania kwamba mji wetu wa Morogoro umekosa kitu kimoja tu: bahari. Mji kasoro bahari. Sawa, tumezoea. Lakini tuna mlima, tuna treni ya umeme, tuna stendi ya Msamvu na tuna hesabu zetu za sensa ya 2022, na hivyo vinne vinatosha kuipima dunia nzima ya matangazo ya michezo. Dijitali imezifumua karibu rekodi zote za zamani, za urefu, umbali, wingi na kasi. Nimezipanga hapa chini. Ubishi unaruhusiwa, ila njoo na kikokotoo.

1. Mnara mrefu kuliko yote, na sisi tuliupata bure

Rekodi rasmi ni ya Wajapani. Tokyo Skytree una mita 634, na hakuna mnara unaoufikia duniani. Waliufungua mwaka 2012 kwa sababu ule wa zamani, Tokyo Tower wenye mita 333, ulikuwa umeanza kumezwa na maghorofa, na televisheni ya dijitali ilitaka mahali pa juu zaidi pa kurushia mawimbi.

Sasa simama Masika, inua macho. Kilele cha Bondwa, chenye minara ya mawasiliano kichwani, kiko takriban mita 2,120 kutoka usawa wa bahari. Mji wenyewe uko kama mita 500. Ukitoa, unabaki na mita 1,600 zinazosimama juu ya bati za nyumba zetu. Chukua Skytree mbili uzibebanishe, ya tatu uikate katikati uipachike juu. Hapo ndipo utakapokuwa unaongea na Bondwa. Nasi hatukununua hata nondo moja.

Faida yake ni hii. Mawimbi ya FM na ya televisheni hupenda kwenda moja kwa moja, hayapindi kona kirahisi. Kutoka kimo cha Bondwa upeo wake unafika karibu kilomita 190, yaani barabara yote ya kutoka Moro hadi Dar es Salaam, pamoja na Chalinze ndani yake.

Hasara nayo ipo, na wa Kinole na Matombo wanaijua kuliko sisi wa mjini: mlima una mgongo. Enzi za analojia, aliyekaa kwenye kivuli cha mlima alipata chenga. Mchezaji mmoja alitembea na pacha wake, mpira ulipotea dakika nzima, antena iligeuzwa na mtoto aliyepanda juu ya paa huku akiulizwa "hapo je?". Lakini mechi aliiona. Dijitali haijui huruma ya namna hiyo. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kama kioo. Yakipungua kidogo tu, skrini nyeusi. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, miaka miwili na nusu kabla ya siku ya mwisho iliyokubaliwa kimataifa, 17 Juni 2015, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja sasa yanabeba kumi na zaidi. King'amuzi kikahamia sebuleni na mtoto akashuka juu ya paa.

2. Mtambo wa mbali zaidi unaokuletea goli

Kilomita 35,786. Huo ndio umbali wa satelaiti za televisheni kutoka ikweta kwenda juu. Ukisema haraka haraka ni namba tu, kwa hiyo tuipakie kwenye treni. Treni ya SGR inayokimbia kilomita 160 kwa saa, bila kusimama Pugu, Soga, Ruvu wala Ngerengere, ingefika huko baada ya siku tisa na saa nane hivi. Basi la kilomita 80 kwa saa lingehitaji siku kumi na nane na zaidi ya nusu, na sijui abiria wangechimba dawa wapi. Mawimbi ya mechi yanapanda hadi huko na kushuka kwa robo sekunde.

Hapa ndipo mlima wetu ulipopigwa bao. Moro iko karibu nyuzi 38 mashariki. Satelaiti zilizo nyuzi 36 mashariki, zinazotumiwa na DStv, zinakaa karibu utosini mwetu. Zile za nyuzi 7 mashariki, ambazo Azam wanazitumia, zimelalia magharibi, mahali jua linapokuwa kwenye saa tisa alasiri. Kama jua la saa tisa linafika uani kwako, na mechi itafika. Ndiyo maana unaweza kupanda Mgeta, ukakuta mashamba ya kabichi yamening'inia kwenye mteremko ambao hata mbuzi anaufikiria mara mbili, na pembeni ya nyumba ya mwisho kabisa kuna dishi limetazama juu kama linaomba mvua. Mtu huyo haoni Bondwa, haoni Dar, haoni hata barabara. Fainali anaiona.

3. Picha yenye nukta nyingi kuliko watu

Hii ndiyo rekodi ninayoipenda, maana inatugusa mmoja mmoja. Picha ya televisheni ni nukta zilizopangwa mistari kwa mistari. Tuwape watu nukta hizo, kila mtu na yake.

Picha ya kawaida, ile ya televisheni ya kichogo, ilikuwa na nukta 720 kwa 576. Jumla: 414,720. Manispaa ya Morogoro ilihesabiwa watu 471,409. Tukianza kugawa Kihonda tukamalizia Bigwa, watu 56,689 wanabaki mikono mitupu. Hao karibu wanajaza Uwanja wa Benjamin Mkapa!

Picha ya HD ina nukta 2,073,600. Manispaa yote inapata, wanapata na wa Kilosa, Mvomero na kuendelea, hadi theluthi mbili ya mkoa wetu wenye watu 3,197,104. Picha ya 4K ina nukta 8,294,400. Mkoa mzima umeshiba, tunapanda treni kwenda Dar es Salaam na kuwagawia wao pia, karibu wote milioni tano na ushei, na zinaishia mlangoni kabisa.

Ya 8K, ambayo Wajapani walianza kuirusha kwenye chaneli yake tarehe 1 Desemba 2018 na kuitumia katika Olimpiki ya Tokyo, ina nukta milioni 33.2. Hiyo ni zaidi ya nusu ya Watanzania wote. Na picha za michezo hubadilishwa hadi mara 50 au 60 kwa sekunde, kwa hiyo ugawaji wote huo wa nukta unaanza upya kabla hujamaliza kusema "goo".

Bei yake? Kwenye simu, HD hula hadi GB 3 kwa saa na 4K kama GB 7. Bando linakata kona kabla ya winga.

4. Kibanda umiza cha kwanza duniani

Kibanda umiza kilizaliwa wapi? Wengi watasema Mbagala au Manzese. Hapana: Berlin, 1936. Wajerumani walirusha Olimpiki mubashara kwa picha ya mistari 180 tu, na kwa kuwa karibu hakuna aliyekuwa na televisheni nyumbani, wakafungua kumbi za kutazamia hapa na pale mjini. Watu wapatao 150,000 walijazana kwenye vyumba vya giza kutazama vivuli vikikimbia. Ongeza benchi la mbao na muuza karanga, unakuwa umepata Mwembesongo siku ya dabi.

Kwa upande wetu Zanzibar ndiyo yenye nishani. Televisheni yao ilianza 1973, na ilianza na rangi moja kwa moja, miaka sita tu baada ya Uingereza kuanza kurusha za rangi. Bara tulisubiri hadi 1994. Miaka 21! Mtoto aliyezaliwa siku Unguja walipowasha alikuwa na haki ya kupiga kura siku Dar walipowasha.

Katikati ya miaka hiyo kuna rekodi yetu ya uchungu. Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mji mzima ulipigwa na kiherehere, na televisheni ya Bara ya kuonyesha goli hata moja haikuwepo. Ubingwa ule ulisikilizwa. Mtibwa Sugar walipobeba kombe 1999 na wakalirudia 2000, kamera zilikuwepo nchini, ila chache na za mjini. Miaka ya karibuni mechi za Manungu, Turiani, uwanja uliozungukwa na miwa pande zote, zimerushwa mubashara kwa satelaiti. Shabiki wa Muscat anaweza kuona majani ya miwa yakitikisika nyuma ya goli. Ukiuliza mwamba wa mabadiliko ni nani, mimi nakupa hilo shamba.

5. Umati mkubwa uliokaa mtandaoni kwa wakati mmoja

19 Novemba 2023, fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, India dhidi ya Australia mjini Ahmedabad. Kwenye programu ya Disney+ Hotstar walihesabiwa watazamaji milioni 59 kwa mpigo. Wajaze Uwanja wa Mkapa, 60,000 kila siku, Jumapili na sikukuu bila kupumzika: ungefungua mageti kwa miaka miwili na miezi minane. Au watie kwenye mabasi ya watu 60, kisha yapange Msamvu. Ni mabasi yasiyopungua 980,000. Wapiga debe wangekauka koo.

Rekodi hiyo haikumaliza hata mwaka. Tarehe 15 Novemba 2024 Netflix walirusha pambano la ndondi la Jake Paul, kijana wa miaka 27, na Mike Tyson, mzee wa miaka 58. Kilele kilikuwa milioni 65 kwa wakati mmoja. Sensa yetu ilikuta Watanzania 61,741,120. Yaani nchi nzima, vichanga kwa vikongwe, kila mmoja na simu yake, na bado viti milioni tatu na zaidi vya ziada, ambavyo vinatosha mkoa mwingine wa Morogoro. Pambano lenyewe lilikuwa baridi kama uji wa jana, na wengi walilalamika picha inaganda.

Kwa nini igande? Kwa sababu satelaiti na intaneti haziwahudumii watu kwa namna moja. Satelaiti ni muadhini: anaita mara moja, asikie mmoja au asikie laki moja, koo lake ni lile lile. Intaneti ni mama ntilie: kila anayekaa mezani lazima apakuliwe sahani yake. Wakija milioni 65 kwa dakika moja, hakuna jiko linalohimili bila masufuria ya akiba kila mtaa. Kampuni kubwa hufanya hivyo hasa, huweka seva zenye nakala ya mechi karibu na watazamaji, lakini kuna siku wateja huzidi wali.

Ukitaka umati wa vyote kwa pamoja, satelaiti, antena na simu, bingwa ni fainali ya Kombe la Dunia ya 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa. FIFA walitaja karibu watu bilioni 1.5. Kwa Uwanja wa Mkapa, mechi moja kila siku, hiyo ni miaka 68. Ungeanza mwaka 1957, Tanganyika bado haijapata Uhuru, mwaka 2025 ndiyo ungekuwa unafunga geti.

6. Kamba ndefu kuliko zote

Goli la Ulaya unaloliona kwenye simu ukiwa Sabasaba, limepita chini ya bahari. Tuambieni tena kuhusu bahari!

Kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam Julai 2009 ilikuwa na kilomita 17,000 za nyaya. Leo kuna 2Africa, nayo imetia nanga Dar es Salaam, kilomita 45,000. Dunia ikizungushiwa mkanda kwenye ikweta inataka kilomita 40,075. Kinachobaki kinatosha kwenda Dar na kurudi Moro mara kumi na mbili. Ndani yake ni nyuzi za kioo nyembamba kama unywele.

Na unywele hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu baharini na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Madishi hayakujua kitu.

7. Jicho lenye kasi kuliko yote

Kamera ya mwisho wa mbio iliyotumika Olimpiki ya Paris 2024 hupiga picha 40,000 kwa sekunde moja. Usiku wa tarehe 4 Agosti Noah Lyles wa Marekani na Kishane Thompson wa Jamaika walimaliza mita 100 wote kwa 9.79. Sekunde ikakatwa vipande elfu, wakatenganishwa na vitano. Jicho la binadamu halikuona kitu. Kamera ile ndani ya hivyo vipande vitano ilikuwa na nafasi ya picha 200.

Lakini kwa nini twende Jamaika wakati tuna letu? Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, huku kwetu bado usiku, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48. Mjerumani Amanal Petros naye saa 2:09:48. Kilomita 42 na ushei, yaani karibu nusu ya njia ya kutoka Chalinze kuja Moro, kwa miguu, na mwishoni tofauti ni sekunde 0.03. Kwa mwendo waliokuwa nao pale mwisho, hiyo ni kama shibri moja. Nyosha kidole gumba na kidole cha mwisho mezani: hapo ndipo ilipokaa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Enzi za kutegemea macho ya waamuzi tungekuwa tunabishana mpaka leo.

Mpira nao umepewa masikio. Ule wa Qatar 2022 ulikuwa na kifaa ndani kilichotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, na kamera 12 chini ya paa zilifuatilia alama 29 kwenye mwili wa kila mchezaji, mara 50 kwa sekunde, ili kujua nani kaotea. Tarehe 28 Novemba Ureno walipowafunga Uruguay, Cristiano Ronaldo alishangilia goli akisema limepita kichwani kwake. Mpira ukaulizwa. Ukasema haujaguswa hata na unywele. Goli likabaki la Bruno Fernandes, aliyepiga krosi.

Na kwa wingi wa macho, taji ni la ufunguzi wa Paris uliofanyika juu ya mto Seine: maboti 85, na juu yake simu za kawaida zaidi ya 200 zikitumika kama kamera za televisheni kwa mtandao wa 5G. Simu, ndugu zangu, za aina zinazouzwa dukani. Olimpiki ile ilizalisha saa zaidi ya 11,000 za matangazo. Ukiamua kuzitazama zote bila kulala, ni mwaka mmoja na miezi mitatu, na mke atakuwa amesharudi kwao.

8. Mkataba mnono

Mei 2021 TFF na Azam Media walitia saini mkataba wa miaka kumi wa haki za televisheni za Ligi Kuu: Sh225.6 bilioni. Nauli ya kawaida ya SGR kutoka Dar hadi Moro ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa Sh13,000. Fedha hizo ni tiketi milioni 17 na laki tatu na nusu. Kila mkazi wa mkoa huu, pamoja na mtoto mgongoni, angesafiri mara tano, na chenji ya karanga za Ngerengere inabaki.

Kwa ligi yetu ni mlima. Ukiuweka kando ya mkataba wa NBA wa Marekani, unakuwa kichuguu: dola bilioni 76 kwa miaka 11, na mmoja wa wanunuzi ni Amazon, duka la mtandaoni. Bwawa la Julius Nyerere, lililoko kati ya mkoa wetu na Pwani, liligharimu kama dola bilioni 2.9. Wamarekani wamenunua haki ya kutazama watu wakitumbukiza mpira kwenye kikapu kwa bei ya mabwawa 26!

9. Kelele ndefu kuliko picha

Nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo rekodi pekee ambayo dijitali imeshindwa, tena imeshindwa vibaya.

Jumamosi ya 2 Agosti 2025, ufunguzi wa CHAN, Taifa Stars na Burkina Faso kwa Mkapa. Nilikuwa kibandani, shilingi mia tano mlangoni, watu tumebanana mpaka shati la jirani limekuwa langu. Kipindi cha kwanza kinaelekea mwisho, tunapata penalti. Abdul Suleiman, Sopu, anachukua mpira. Kwenye skrini anauweka chini, anaurekebisha, anarudi nyuma. Kimya. Mzee aliyekaa mbele yangu ameshika kofia kwa mikono miwili kama usukani.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kijiwe cha bodaboda, kuna redio ndogo imefungwa kwa mpira kwenye usukani wa pikipiki. Kijiwe kizima kikalipuka.

Sopu kwetu bado anarudi nyuma.

Hakuna aliyesema neno. Mzee akashusha kofia taratibu, akaivaa. Mpira ulipoingia wavuni sisi tulishangilia, ndiyo, lakini tulishangilia kama watu waliofika harusini wakati sufuria zinaoshwa. Kisha kona ya nyuma kijana mmoja, aliyekataa kulipa mia tano kamili akapunguziwa kwa kuwa angetazama kwenye simu yake, akainuka peke yake, nusu dakika baada ya kila mtu, akapiga kelele "gooo!" Kibanda kizima kikacheka kuliko kilivyoshangilia.

Msimamo ni huu. Mawimbi ya FM huvuka kutoka Dar hadi Moro ndani ya muda usiofika elfu moja ya sekunde, kwa hiyo redio ya betri inachelewa kwa pumzi ya mtangazaji tu. Dishi linachelewa sekunde kadhaa. Robo sekunde ni safari ya satelaiti, zilizobaki ni za mitambo kuikunja picha ili ienee na king'amuzi kuikunjua. Simu ndiyo mkia: mara nyingi nusu dakika, siku mbaya dakika nzima. Mechi hukatwa vipande vya sekunde chache chache, vikahifadhiwa kwenye seva, vikatumwa kimoja kimoja, na simu yako kwa woga wa kuganda hukusanya vipande kadhaa mfukoni ndipo ianze kuonyesha. (Redio ya kwenye programu ya simu inakaa foleni hiyo hiyo, usijidanganye.)

Nusu dakika ni nini? Usain Bolt angekimbia rekodi yake ya 9.58 mara tatu, na bado mpira wa penalti upo chini. Treni ya SGR ingeenda kilomita moja na theluthi. Bodaboda angewasha pikipiki, avuke mitaa miwili, aje akunong'oneze matokeo sikioni. Sauti ya mtu, inayotembea mita 340 kwa sekunde, ingekuwa imesafiri kilomita kumi. Kijiwe kikipiga kelele Msamvu, kama masikio yangekuwa na nguvu, kelele ingepita Boma, ikapanda Morningside, na simu yako ingekuwa bado inamwonyesha refa akipuliza filimbi.

Zamani redio ya mkulima ilitutangazia mechi kwa koo za watu kama Ahmed Jongo, na baadaye Charles Hilary, na tulidhani televisheni ikija tutaizika. Kwa picha imezikwa. Kwa kasi, hakuna aliyeifikia: si satelaiti ya kilomita 35,786, si kamba ya kilomita 45,000, si picha yenye nukta milioni 33.

AFCON 2027 inachezwa hapa, Tanzania, Kenya na Uganda. Dishi nunua, bando weka. Lakini ukitaka kuwa wa kwanza kushangilia mtaani kwako, nunua betri mbili kubwa sasa, maana siku ya ufunguzi zitapanda bei.